Santuri Zilizokuwa kwa Mtani

Nilizijua santuri za kaka yangu kwa kupitia ukutani. Kaka alikuwa gadi wa treni, mtoto wa kiume wa pekee nyumbani kwetu Tabora, na mara nyingi akirudi safari ya Dar es Salaam alikuwa na santuri mpya kwapani. Akifika anasalimia, anakunywa maji, anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mimi na mama tunabaki jikoni, upande wa pili wa ukuta wa tofali za udongo, na kinachotufikia pale si uimbaji wala tarumbeta. Ni besi tupu. Ukuta wa udongo hauna huruma na sauti nyembamba. Mama alikuwa akisema humo ndani kuna mtu anasogeza makabati.

Kaka aliuita muziki huo rege. Nilipomuuliza wanaimba nini aliniambia nikaoshe vyombo. Nilinuna, maana mimi tangu utoto ukinifungia mlango ndiyo umenialika. Mara mbili tatu nilijaribu kuchungulia kwenye tundu la kitasa nikamwona amekaa kitandani, viatu vya kazi bado miguuni, kichwa amekiinamisha, hatikisi hata kidole. Mtu anasikiliza nini namna hiyo? Swali hilo nililibeba miaka.

Baba hakuwa na hamu ya kujua. Alikuwa fundi seremala na mtu wa swala tano, Mnyamwezi wa mjini ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu kwenda Pwani na kurudi. Kilichomuudhi zaidi ni majalada, yale mapicha ya wanaume wenye nywele zilizosokotana na moshi usoni. "Nyumba hii watu wanachana nywele," alisema. Basi kaka akayavisha magazeti, kama tulivyovisha madaftari ya shule. Kwa hiyo mimi sikuwahi kuona jina la mwimbaji hata mmoja. Kwangu kulikuwa na santuri ya Trekta, santuri ya Mbolea, na santuri ya Mkutano, kufuatana na picha iliyotokea juu ya gazeti. Ile ya Mkutano, yenye wanakijiji waliokaa chini wakimsikiliza kiongozi, ndiyo aliyoipiga kuliko zote. Sauti ikianza, baba alichukua kofia yake akatoka.

Kaka alikufa kwa homa, ghafla, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Aliondoka na treni mzima, akarudishwa na treni mgonjwa, hakufika hata wiki.

Msibani walikuja watani. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani ana kazi yake kwenye msiba. Anacheka pale wengine wanapolia, anamwiga marehemu, ananyakua kitu chake na kukimbia nacho mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku au chumvi. Wanakomboa, watu wanacheka, moyo unashusha pumzi kidogo. Mtani wetu alikuwa Mzaramo mmoja aliyepaka rangi mabehewa kwenye karakana ya reli, rafiki mkubwa wa kaka. Siku ya kuanua matanga aliingia chumbani akatoka na santuri zote kichwani, amezifunga kwa kamba ya katani, anatembea vile vile alivyotembea kaka, akiyumba kidogo kama mtu aliyezoea sakafu ya behewa.

"Mzigo wa nani huu?" alipaza sauti. "Mwenyewe hana nauli! Nani anaukomboa?"

Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia nilicheka. Mama alishaanza kufungua pindo la khanga yake, alikokuwa amefunga chumvi ya kumkomboa. Baba akasimama.

"Mwanangu hajapoa kaburini, wewe unamwiga," alisema. "Chukua. Sikomboi."

Hakuna aliyewahi kusikia mtu akikataa. Mtani alibaki amesimama uani, mzigo kichwani, akisubiri baba ageuze maneno. Baba aliingia ndani. Mwisho yule bwana akatoka polepole, na mama akajifunika uso. Tangu siku hiyo baba hakumtaja tena kaka. Ilikuwa hivyo hivyo, kwa miaka, kaka hatajwi. Gramafoni yake ya betri ilibaki kwenye kona, mama ameitandika kitambaa cha kufuma na kuiwekea birika la maua ya plastiki.

Miaka ya foleni za sukari na sabuni ilinikuta nikiwa karani wa mizani ya tumbaku. Msimu wa masoko nilipelekwa Goweko. Siku moja nimekaa kwenye kivuli cha ghala nasubiri marobota, nikasikia makabati yanasogezwa. Nilisimama na kalamu mkononi. Besi ile ilitoka kwenye nyumba ya bati ng'ambo ya barabara, na mwili wangu uliijua kabla kichwa hakijaijua. Niliwaacha wakulima kwenye foleni, Mungu anisamehe, nikavuka.

Mama mmoja alikuwa ukumbini kwenye mkeka anachambua majani ya tumbaku, na nyuma yake kuna radiogramu kubwa kama jeneza, imeunganishwa na betri ya gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana. Nimesikia huo muziki."

"Huu? Mzee aliletewa na mpwa wake, zamani vitu vilipokuwa vinapatikana. Maana yake hatuijui. Lakini ukiupiga, majani yanachambulika upesi."

Mumewe alitoka, mkulima mwenye mabani mawili ya kukaushia tumbaku na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alikuwa na santuri za aina hiyo rundo zima. Nikamwambia natafuta tatu ambazo sizijui majina, nikaanza kumwimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mwanangu," alisema, "huo ni wimbo au kikohozi?"

Mkewe alicheka hadi akaangusha majani. "Mwache. Hajui wimbo, anajua lile gitaa nene la chini. Wewe ulikuwa unasikilizia wapi?"

"Ukutani."

"Basi toka nje usimame nyuma ya ukuta."

Ndivyo nilivyoanza ukusanyaji wangu, nikiwa nimesimama juani nyuma ya nyumba ya watu, shavu kwenye tofali, huku mzee anabadilisha santuri moja baada ya nyingine na kuuliza kupitia dirisha, "Hii? Na hii je?" Wakulima wa foleni walisogea kuona karani amepatwa na nini. Nilipoisikia Mbolea nilipiga kelele kama niliyeumwa na siafu.

Niliingia ndani mbio kuona jalada. Miaka yote mimi nilikuwa na picha ya magunia ya mbolea kichwani. Kumbe chini ya gazeti la kaka alikuwa mzee mnene amekaa mtoni, maji kiunoni, anacheka na meno yote nje. Halafu nikamsikia mwimbaji mwenyewe kwa mara ya kwanza, sauti nyembamba, ya upole, na Kiingereza changu cha shule kikaokota maneno: alikuwa anamwambia mama yake asimwekee chakula, atachelewa kurudi. Nilidhani rege yote ni hasira. Nilikaa kwenye kigoda nikasikiliza upande mzima, na marobota ya serikali yakaningoja. Walinipa ile santuri kwa miche ya sabuni niliyokuwa nimeificha kwenye begi.

Tokea hapo nilikuwa kama mtu aliyeonjeshwa asali. Kila nilikotumwa kupima tumbaku niliuliza nani ana santuri. Nilikuta za dansi, za taarabu, za kwaya, moja ya kufundisha Kijerumani. Rege zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na njia yake ya kufika: hii ililetwa na mwanafunzi aliyerudi kutoka Ulaya, ile na dereva wa lori la Zambia. Nyingine hazikuwa za kaka kabisa, nami nikazichukua hivyo hivyo, maana nilianza kuzipenda kwa ajili yangu. Nilishangaa jinsi ngoma inavyoacha nafasi, jinsi gitaa linavyopiga pale wewe unapotarajia kimya na kunyamaza pale unapolitarajia. Leo vijana wanaziita za kale na kuzitafuta kwa udi na uvumba. Wakati ule aliyenazo alikuwa anaziwekea sufuria juu.

Mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja Mwislamu aliyeuza vitambaa na redio, rafu zilikuwa zimebaki na viberiti na nyembe tu. Lakini chini ya meza yake kulikuwa na boksi.

"Umeme hakuna, binti yangu," alisema. "Siwezi kukupigia hapa. Chukua, sikiliza kwako, ambazo hutaki rudisha."

"Utaniamini?"

"Baba yako alitengeneza mlango huu," alisema, akaupiga kofi. "Wewe utakimbilia wapi?" Akanitafutia na sindano mpya ya gramafoni kwenye kopo la vifungo.

Nilimwomba mama nitoe maua ya plastiki juu ya gramafoni. Aliyatoa mwenyewe, na kitambaa akakikunja. Kisha nikawa naweka santuri chumbani, naacha inazunguka, nakimbilia jikoni kuweka sikio ukutani. Majirani walisema nimepandwa na kitu, mtu gani anapiga muziki kwenye chumba kitupu halafu anausikilizia nje! Mama alikuwa anakoroga ugali na kunitazama pembeni. Ilipolia Trekta, mwiko ulisimama.

"Huyo ndiye," alisema mama.

Jalada lake lilikuwa na mwanamke mzee aliyebeba ndizi kichwani. Ungemweka soko kuu la Tabora asingeulizwa alikotoka. Jioni hiyo baba alirudi akaikuta inapigwa. Alisimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye kope. Nilijua anaijua. Akachukua kofia akatoka, na mimi nikawa na hasira naye kama mtoto, kwamba hata sasa hataki.

Mkutano sikuipata. Niliuliza mpaka nikachoka, na kadiri nilivyoikosa ndivyo nilivyoamini kuwa humo ndimo kaka alimokuwa anasikiliza kile alichokuwa anakisikiliza. Siku moja nilikwenda Kwihara kwa mjomba, mdogo wake mama, kuuliza kama kaka aliwahi kuwaachia binamu zangu santuri yoyote. Mjomba alikuwa anapura mpunga. Alinisikiliza, akaweka fimbo chini.

"Unazunguka nchi nzima kama mganga, na mali yenu iko kwa mtani?"

"Atakuwa ameshaziuza, mjomba. Baba alimwambia achukue."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Nani alikwambia mtani anauza? Kitu cha msiba kisichokombolewa hakiuzwi wala hakitumiwi. Kinawekwa mpaka mwenyewe aje. Huyo bwana anawasubiri nyinyi."

Nilikaa chini penye makapi. Sisi tulidhani kukataa kukomboa ni kumpa. Yeye alidhani kukataa ni kuchelewa. Miaka yote hiyo kila upande ulikuwa unasubiri mwenzake, na mimi huku nasikiliza kuta za watu.

Mtani alikuwa amehamishiwa Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Nilimkuta anapaka chokaa mawe ya stesheni, amezeeka upande mmoja wa ndevu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wa wapagazi," alisema papo hapo, na bado sijajitambulisha. "Umekuja kubeba nini?"

"Santuri za kaka."

Brashi ilisimama. "Zipo."

"Nimeleta kuku na chumvi. Naomba nizikomboe."

"Wewe? Wewe ulinikatalia?"

"Sasa si mimi ni nduguye!"

"Kwani nimesema si nduguye? Aliyekataa ndiye atakayekomboa. Mie mtani nilikataliwa mbele za watu, mzigo uko kichwani. Unajua nilitembea nao mpaka wapi? Mpaka karakana, na watu wananiuliza, mtani, hujakombolewa? Hujawahi kuaibika hivyo."

Nilifoka. Nilimwambia hata kuziona basi, nijue kama ya Mkutano imo. Akasema hajui iliyomo wala isiyokuwamo, hajafungua kamba, si mali yake. Nilimwambia yeye ni mkaidi kuliko baba. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kamwambie yule mpagazi mzigo wake umenichosha shingo. Aje aubebe."

Nilirudi Tabora nikiwa sina uhakika kama nitathubutu kuyasema maneno hayo. Niliyasema baba alipokuwa karakanani kwake anapiga randa ubao wa kitanda, nikayasema yote, hadi neno la mpagazi, na kwamba zile santuri hazijaguswa. Baba aliendelea kupiga randa. Nikaondoka nikiwa nimeshindwa. Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja, anavaa viatu, akauliza bila kunitazama, "Treni ya Kigoma siku hizi inatoka saa ngapi?"

Tulisafiri naye na jogoo kwenye kikapu. Njia nzima niliogopa kuongea nisije nikambadilisha nia. Tulipofika, mtani alituona kwa mbali, akaingia ndani akatoka amevaa kanzu. Hapakuwa na watu wa kucheka wala wa kulia. Baba alimkabidhi jogoo na fungu la chumvi, akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuja kumkomboa mwanangu."

"Umechelewa, mpagazi," mtani alijibu, lakini midomo ilikuwa inamcheza. Akachukua ngazi, akaingia jikoni.

Nilimfuata mpaka mlangoni. "Uliziweka wapi?"

"Darini, juu ya moto," alisema kwa fahari. "Kaliua hii mchwa wanakula mpaka mlango. Mie kitu cha thamani nakiweka kama mbegu ya mahindi. Moshi haumpi mdudu nafasi."

Aliushusha mzigo kwa mikono miwili. Kamba ya katani ilikuwa ile ile, nyeusi kwa masizi. Baba mwenyewe ndiye aliyeikata. Magazeti yalikatika kama majani makavu, na ndani, moja baada ya nyingine, zikatoka santuri zimejikunja kingo kwa joto, zimepanda juu na kushuka katikati, mabakuli meusi. Mtani alichukua moja, akaibonyeza iwe sawa, ikagoma. Akachukua nyingine. Aliendelea kuzibonyeza, moja moja.

"Nilizitunza," alisema. "Wallahi nilizitunza."

Nilitaka kupiga yowe. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani, maana yule mtu alikuwa ametunza mali ya kaka yangu vizuri kuliko alivyotunza vyake. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika bakuli moja kwa ncha za vidole, kama anavyoshika ubao akitafuta ulipopinda. Alilizungusha. Akainua macho.

"Umenipikia mwanangu, mtani," alisema. "Basi songa ugali tule."

Maishani mwangu sikuwahi kumsikia baba akimtania mtu yeyote, achilia mbali kwa jambo hili. Mtani alimkodolea macho. Kisha akasema, "Ugali upo. Chumvi umeleta mwenyewe," na wakacheka, wazee wawili kwenye jiko la moshi, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na sikumbuki kicheko kiligeuka saa ngapi, ila niliposogea baba alikuwa analia kwa sauti, anamtaja kaka kwa jina, mara kwa mara, na mtani anaitikia kana kwamba ameitwa yeye. Mimi nilitoka nje nikamchinjisha jogoo kwa jirani.

Nyumbani tulizipanga mezani. Ya Mkutano ilikuwemo, chini kabisa ya mzigo, na kwa kuwa zilizo juu zilikuwa zimeilemea haikupinda sana. Niliiweka kwenye gramafoni bila matumaini. Sindano ilipanda na kushuka kama mtu aliye kwenye mashua, na sauti ikapanda na kushuka nayo, mwimbaji mara mnene mara mwembamba, mara analala mara anaamka. Kama kuna kitu kaka alikuwa akikisikiliza humo, sikukijua siku hiyo na mpaka leo sina hakika nacho. Nilinyoosha mkono niizime kwa aibu.

"Iache," alisema baba.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kaka, kofia iko kichwani, mikono magotini. Mama alikuja akasimama mlangoni. Santuri ilizunguka ikiyumba mpaka mwisho, sindano ikabaki inakwaruza.

"Geuza," baba akasema. "Kuna upande wa pili."